Jinsi ya Kupima Gharama na Faida ya Kusomea Uandishi wa Programu katika Chuo cha Jamii Marekani

Anayefikiria kusomea uandishi wa programu katika chuo cha jamii nchini Marekani kwa kawaida huanza na maswali mawili: ada ni kiasi gani, na mshahara utakuwa kiasi gani. Ni maswali ya haki, lakini yakiachwa peke yake hupotosha, kwa sababu kwa walio wengi ada ndiyo sehemu ndogo ya gharama, na mshahara unaonukuliwa katika matangazo mara nyingi ni wa watu wenye shahada ya miaka minne. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: shahada ya miaka miwili ya programu hulipa vizuri inapotumiwa kama nusu ya kwanza ya shahada ya miaka minne, na hulipa kwa wastani tu, pengine kidogo sana, inapofanywa kuwa kituo cha mwisho. Kwa hiyo hesabu yote inayofuata inategemea jambo moja ambalo ni lazima liamuliwe kabla ya kujisajili katika somo la kwanza, nalo ni njia unayokusudia kuifuata.

Chagua njia kwanza

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kikongwe kuliko vyote vilivyopo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901 kwa nia ya kuwapa vijana miaka ya mwanzo ya masomo ya chuo kikuu bila kuihama jamii yao. Nia hiyo ingali hai, ila baadaye iliongezewa ya pili, ya kufundisha kazi, na nia hizo mbili zimezaa shahada mbili zenye majina yanayofanana mno. Ya kwanza ni Associate of Science, yaani AS, ambayo imepangwa kwa ajili ya anayekusudia kuhamia chuo kikuu: ndani yake mna kalkulasi, fizikia, hisabati ya mantiki na seti, pamoja na masomo ya jumla kama uandishi na historia. Ya pili ni Associate of Applied Science, yaani AAS, ambayo imepangwa kwa ajili ya anayetaka kuingia kazini moja kwa moja: ina masomo mengi zaidi ya lugha za programu, hifadhidata, mitandao na utengenezaji wa tovuti, na hisabati yake ni nyepesi.

Zote mbili huwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zipatazo 60, hufundishwa katika majengo yaleyale, na pengine na walimu walewale. Tofauti huonekana siku unapopeleka masomo yako chuo kikuu, ambapo krediti nyingi za AAS hukataliwa au hupokelewa kama masomo ya ziada yasiyopunguza chochote katika mahitaji ya shahada. Mwanafunzi aliyechagua AAS kwa sababu ilionekana ya vitendo zaidi, kisha akabadili nia na kutaka shahada ya kwanza, hujikuta akirudia hisabati kutoka mwanzo akiwa ameshatumia miaka miwili. Kama huna hakika, chagua AS, kwa kuwa kutoka AS kwenda kazini ni rahisi kuliko kutoka AAS kwenda chuo kikuu.

Ipo pia njia ya tatu, ya kusoma masomo machache bila kumaliza shahada. Hii inamfaa aliye na shahada nyingine tayari, au aliyeko kazini na anayehitaji ujuzi fulani tu, na gharama yake huhesabiwa kwa somo mojamoja.

Ada, na kinachobaki baada ya ruzuku

Kwa takwimu za College Board, shirika la mitihani na takwimu za elimu, za mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa ada kwa mkaazi wa eneo la chuo cha jamii cha umma ulikuwa dola 4,050 kwa mwaka, wakati chuo kikuu cha umma cha miaka minne kilitoza wastani wa dola 11,610 kwa mkaazi wa jimbo. Wastani huo unaficha tofauti kubwa. California imekuwa ikitoza dola 46 kwa krediti tangu mwaka 2012, kwa hiyo krediti 60 zinagharimu dola 2,760 kwa shahada nzima, na wenye kipato cha chini wanaweza kusamehewa hata hizo. Tennessee ina mipango ya kulipia ada: Tennessee Promise kwa wanaomaliza sekondari na Tennessee Reconnect kwa watu wazima. Michigan ilianzisha wake, Michigan Reconnect, mwaka 2021. Na Massachusetts, tangu mwaka 2024, hulipia ada ya chuo cha jamii kwa mkaazi yeyote asiye na shahada ya kwanza. Mipango ya namna hii kwa kawaida huziba pengo linalobaki baada ya ruzuku nyingine, kwa hiyo sharti la kuipata ni kujaza kwanza fomu ya serikali kuu ya msaada wa masomo, FAFSA.

Neno mkaazi hapa lina uzito wa pesa. Majimbo mengi hudai uwe umeishi ndani ya jimbo kwa miezi 12 hivi kabla ya kukutoza ada ya mkaazi, na baadhi ya majimbo, kama Texas, hutofautisha tena kati ya anayeishi ndani ya eneo linalolipa kodi ya chuo na anayeishi nje ya eneo hilo. Aliyehamia jimboni hivi karibuni afanye hesabu mbili, ya kuanza sasa na ya kusubiri hadi atimize muda, kwa sababu miezi michache ya subira inaweza kupunguza ada kwa zaidi ya nusu.

FAFSA ndiyo mlango wa ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kuu usiorudishwa, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Raia, wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kuiomba. Kwa anayestahili kiwango cha juu na anayesoma muda kamili, fedha hizo mara nyingi huzidi ada ya chuo cha jamii, na kinachobaki hurudishwa mkononi mwake kwa ajili ya vitabu, nauli na matumizi mengine. Zingatia, hata hivyo, kwamba Pell ina ukomo wa maisha, ambao ni sawa na mihula 12 ya muda kamili. Anayeitumia ovyo kwa kurudia masomo katika chuo cha bei nafuu huiona ikimwishia chuo kikuu, mahali ambapo angeihitaji zaidi.

Anayelipa kutoka mfukoni mwake aangalie nafuu ya kodi iitwayo American Opportunity Tax Credit. Hii hurudisha dola 2,000 za kwanza zote na robo ya dola 2,000 zinazofuata, jumla isiyozidi dola 2,500 kwa mwaka, na ada pamoja na vitabu vinavyotakiwa darasani huhesabiwa. Asiyedaiwa kodi yoyote anaweza kurudishiwa asilimia 40 ya kiasi anachostahili. Lakini hutolewa kwa miaka minne tu ya kodi, na ni lazima uwe unasoma angalau nusu ya muda kamili katika masomo ya kupata shahada au cheti. Kiasi kilicholipiwa na ruzuku isiyotozwa kodi hakiwezi kudaiwa tena hapa.

Gharama ya muda, ambayo watu huisahau

Kanuni ya serikali kuu inachukulia kwamba krediti moja ni saa moja darasani na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki. Ukisoma krediti 15 kwa muhula, ambazo ndizo zinazohitajika ili kumaliza 60 katika mihula minne, unajitwisha saa 45 kwa wiki. Masomo ya programu yanakula muda zaidi ya hapo, kwa sababu zoezi ambalo kitabu kinasema litachukua saa mbili linaweza kuchukua jioni nzima pale ambapo programu haifanyi kazi na sababu haionekani.

Chukua mfano wa mtu anayelipwa dola 18 kwa saa na anayefanya kazi saa 40 kwa wiki. Ili aweze kusoma krediti 15 anapunguza kazi hadi saa 25. Anapoteza dola 270 kila wiki. Kwa mihula miwili ya wiki 16 kila mmoja anapoteza dola 8,640, na kwa miaka miwili dola 17,280. Akiwa California, ada yake yote ni dola 2,760, kwa hiyo mshahara alioukosa ni zaidi ya mara sita ya ada. Ongeza vitabu na vifaa, tuseme dola 400 kwa muhula, na gharama kamili inafika dola 21,640. Hiyo ndiyo namba inayostahili kuandikwa juu ya karatasi, na si ile ya ada iliyo kwenye tovuti ya chuo. Bado mtu huyo atakuwa na saa 70 za kazi na masomo kila wiki, na mwenye watoto wadogo anajua maana yake.

Njia nyingine ni kuendelea na kazi ya saa 40 na kusoma krediti 9 kwa muhula. Mshahara haupungui, lakini shahada inachukua mihula saba, yaani miaka mitatu na nusu kama husomi wakati wa kiangazi. Gharama hapa ni ucheleweshaji: kila mwaka unaochelewa ni mwaka unaokosa nyongeza ya mshahara uliyoitarajia. Weka njia zote mbili kwenye karatasi moja. Mara nyingi jibu sahihi liko katikati, kwa mfano krediti 12 katika mihula ya kawaida na masomo mawili ya jumla wakati wa kiangazi, au kufaulu mitihani ya CLEP ya College Board, ambayo katika vyuo vingi hukupa krediti za masomo ya jumla bila kukaa darasani. Anayekijua Kiswahili, Kifaransa au lugha nyingine aulize pia kama chuo kinatoa krediti kwa mtihani wa lugha.

Mshahara: soma namba kwa makini

Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani hutenganisha kazi ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Mwezi Mei 2023, mshahara wa kati wa wasanidi programu (wanaobuni na kujenga programu nzima), yaani kiwango ambacho nusu yao hupata zaidi na nusu hupata pungufu, ulikuwa dola 132,270 kwa mwaka. Wale wanaohesabiwa kama waandishi wa msimbo tu, yaani wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata, walikuwa na dola 99,700. Wataalamu wa kusaidia watumiaji wa kompyuta na mitandao walikuwa na dola 60,810. Idara hiyohiyo ilikadiria kwamba kati ya 2023 na 2033 kazi za wasanidi na wapimaji wa programu zingeongezeka kwa asilimia 17, na kazi za kuandika msimbo tu zingepungua kwa asilimia 10. Kwa wasanidi na kwa waandishi wa msimbo, elimu ya kawaida ya kuingilia kazini imetajwa kuwa shahada ya kwanza.

Ndiyo maana chuo kinapoweka mshahara wa wasanidi programu kwenye kipeperushi cha AAS, msomaji anauziwa mbuzi kwenye gunia. Mwenye shahada ya miaka miwili anaweza kufika huko, na wapo waliofika, lakini mahali pake pa kuanzia kwa kawaida ni dawati la msaada wa kompyuta, upimaji wa programu, usimamizi wa tovuti za taasisi ndogo, au kazi za data katika ofisi ya kaunti au hospitali. Ni kazi za heshima na zina njia ya kupanda, hasa katika serikali za majimbo: Maryland mwaka 2022 na Pennsylvania mwaka 2023 zilitangaza kuondoa sharti la shahada ya miaka minne katika maelfu ya nafasi za kazi za jimbo. Lakini hesabu yako ianze na mshahara wa nafasi hizo.

Kuna ulinganisho mwingine unaosaidia. Mwaka 2023, kwa wafanyakazi wa muda kamili wenye umri wa miaka 25 na zaidi katika fani zote, mapato ya kati kwa wiki yalikuwa dola 899 kwa mwenye elimu ya sekondari tu, dola 1,058 kwa mwenye shahada ya miaka miwili, na dola 1,493 kwa mwenye shahada ya kwanza. Hatua ya kwanza inaongeza dola 159 kwa wiki, ya pili inaongeza 435. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na watu wenyewe na wala si shahada, lakini pengo ni kubwa mno kulipuuza, na katika fani ya programu naamini linaelekeza palepale.

Ili kupata namba zinazohusu chuo chako, fungua College Scorecard ya Wizara ya Elimu ya Marekani, tafuta chuo, kisha nenda hadi kwenye orodha ya fani. Panapokuwa na wahitimu wa kutosha utaona mapato yao na madeni yao kwa fani husika; panapokuwa na wachache, namba hufichwa. Hapo iandikie idara ya kompyuta ya chuo na uulize, kwa maneno ya moja kwa moja, ni wahitimu wangapi wa mwaka uliopita walioajiriwa, katika kazi za majina gani, na na waajiri gani. Idara inayofanya kazi yake vizuri ina majibu. Idara inayojibu kwa kukutumia tena kipeperushi imekujibu pia.

Soko la wanaoanza kazi limekuwa gumu zaidi tangu mwishoni mwa 2022, kampuni kubwa zilipoanza kupunguza wafanyakazi na zana za akili mnemba zilipoanza kuandika msimbo wa kawaida kwa sekunde chache. Sidhani kwamba hilo limeua fani, lakini kwa maoni yangu limeondoa thamani ya kujua sintaksia, yaani kanuni za uandishi, ya lugha moja ya programu bila kuelewa kinachoendelea chini yake. Anayeanza sasa anatarajiwa kusoma msimbo ambao hakuuandika, kugundua kosa lililojificha, na kueleza kwa nini suluhisho moja ni bora kuliko jingine. Hili linatakiwa kuingia katika hesabu kwa kuweka mshahara wa kuanzia wa chini kidogo na muda wa kutafuta kazi mrefu kidogo kuliko ungependa.

Kupiga hesabu ya kurudisha gharama

Rudi kwa yule mtu wa dola 18 kwa saa. Kwa mwaka mzima wa kazi anapata dola 37,440. Tuseme baada ya shahada anapata kazi ya msaada wa kompyuta ya dola 50,000, chini ya mshahara wa kati kwa sababu ndiyo kwanza anaanza. Nyongeza yake kabla ya kodi ni dola 12,560 kwa mwaka. Gharama yake ya dola 21,640 inarudi katika muda wa takriban miezi 21. Hiyo ni biashara nzuri. Akipata kazi ya dola 42,000, nyongeza ni dola 4,560 na gharama inarudi baada ya karibu miaka mitano. Akimaliza na kubaki katika kazi ileile, hairudi kabisa.

Sasa ongeza uwezekano wa kutokumaliza, jambo ambalo mwongozo wa chuo haulitaji. Miongoni mwa walioanza chuo cha jamii mwaka 2015, kwa mujibu wa watafiti wa Community College Research Center wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao, karibu theluthi moja walihamia chuo cha miaka minne, na takriban 16 kati ya 100 walipata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita, ingawa walio wengi sana huanza wakiwa na nia hiyo. Sababu kubwa si uvivu: ni saa za kazi zinazobadilika, malezi, ugonjwa nyumbani, na krediti zilizopotea njiani. Kwa hiyo zidisha nyongeza uliyoitarajia kwa uwezekano wako halisi wa kumaliza. Kama unaona nafasi yako ni sita kati ya kumi, ile dola 12,560 ihesabu kama dola 7,536. Kama hata hapo gharama inarudi ndani ya miaka mitatu au minne, songa mbele kwa moyo mkunjufu.

Deni lina hesabu yake. Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi una ukomo wa dola 5,500 mwaka wa kwanza na 6,500 mwaka wa pili, na riba yake kwa mikopo ya shahada ya kwanza ya 2024–25 ilikuwa asilimia 6.53. Kwa chuo cha jamii, mtu mwenye Pell hapaswi kuhitaji mkopo mkubwa. Ninashauri kwa nguvu zote kwamba mkopo uhifadhiwe kwa ajili ya miaka ya chuo kikuu, na mikopo ya mabenki binafsi isiguswe kabisa kwa shahada hii.

Kuhamia chuo kikuu bila kupoteza krediti

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea. Kwa wastani wa ada uliotajwa, miaka minne yote chuo kikuu ni dola 46,440. Miaka miwili chuo cha jamii na miwili chuo kikuu ni dola 31,320. Akiba ni dola 15,120. Lakini krediti zikikataliwa kiasi cha kukulazimu kuongeza mwaka mmoja chuo kikuu, dola 11,610 za akiba hiyo zinayeyuka, na unakosa pia mwaka mmoja wa mshahara wa fani. Hofu hii ina msingi: ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama chuo kimoja kwenda kingine, kwa aina zote za vyuo, walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Kinga yake ni kufanya kazi kwa kurudi nyuma. Anza na chuo kikuu unachokitaka, tafuta mahitaji ya shahada yake ya sayansi ya kompyuta, kisha chagua masomo ya chuo cha jamii yanayoyatimiza. California ina tovuti ya ASSIST ambako unataja chuo cha jamii, chuo kikuu na fani, na ukurasa unaofunguka unapanga safu mbili: upande mmoja somo linalotakiwa na chuo kikuu, upande wa pili somo la chuo chako linalokubalika badala yake. Soma mstari kwa mstari. Mara nyingi utaona kwamba somo la kuanzia programu linakubalika, somo la miundo ya data (namna za kupanga data ndani ya programu) linakubalika, na ukifika kwenye usanifu wa kompyuta upande wa pili unasema hakuna somo linalolingana. Mstari huo mmoja unaweza kukuchelewesha muhula mzima, na dawa yake ni kulisoma somo hilo katika chuo cha jamii jirani kinacholitoa.

Kampasi sita za Chuo Kikuu cha California hutoa dhamana ya kupokea wanaotoka vyuo vya jamii wanaotimiza masharti, ila sayansi ya kompyuta huwa na masharti makali kuliko fani nyingi, na baadhi ya kampasi huiweka nje ya dhamana hiyo. Virginia ina mpango wa kuhamia uitwao ADVANCE kati ya Northern Virginia Community College na George Mason University. Popote ulipo, omba makubaliano hayo kwa maandishi, yenye mwaka wa masomo juu yake, na uyatunze, kwa kuwa masharti hubadilika na maneno ya mdomo ya mshauri wa masomo hayamfungi mtu yeyote wa chuo kikuu.

Wenye viza ya F-1 na wenye shahada tayari

Kwa mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1, mizani inabadilika kabisa. Hapati Pell, hulipa ada ya asiye mkaazi, ni lazima asome muda kamili, na kazi anayoruhusiwa mihula inapoendelea kwa kawaida ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki. Baada ya shahada ya miaka miwili anaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, lakini nyongeza ya miezi 24 inayotolewa kwa fani za sayansi na teknolojia hudai shahada ya kwanza au zaidi, na viza ya kazi ya H-1B nayo hudai kazi inayohitaji shahada ya kwanza au kinacholingana nayo. Kwake yeye, shahada ya miaka miwili bila mpango wa kuhamia chuo kikuu ni gharama kubwa yenye mlango mwembamba sana mwishoni.

Mwenye shahada ya kwanza kutoka nchi nyingine, hata akiwa mkaazi wa kudumu, kwa kawaida hastahili tena Pell. Huyu aanze kwa kufanyiwa tathmini ya vyeti vyake na taasisi kama World Education Services, kisha achukue masomo machache ya msingi ya programu, na atafute ama kazi ama shahada ya uzamili. Kurudi mwanzo kutafuta shahada ya miaka miwili kunamgharimu muda bila kumwongezea daraja.

Kabla ya kulipa, na kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa

Omba muhtasari wa somo la miundo ya data, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloeleza ubora wa idara kuliko jengo au maabara. Uangalie kama wanafunzi huandika programu zao wenyewe kila wiki au hujaza nafasi katika programu za mwalimu, kama kazi zao huhifadhiwa kwa Git (zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo), na kama somo lilitolewa kweli katika mihula miwili iliyopita, kwa sababu vyuo vidogo hulifuta pale wanafunzi wanapokuwa wachache, na kufutwa huko hukuchelewesha mwaka mzima. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu ajaribu kwanza masomo ya bure ya freeCodeCamp au CS50 ya Harvard kwa wiki kadhaa. Kama hayavumiliki bila mtihani wala ada, hayatavumilika zaidi kwa ada.

Ukishaanza, fahamu tarehe tatu za kila muhula: ya mwisho ya kuacha somo na kurudishiwa ada, ya mwisho ya kujiondoa bila kupata alama ya kufeli, na siku ambayo asilimia 60 ya muhula inatimia. Ukijiondoa katika masomo yote kabla ya siku hiyo ya tatu, sehemu ya msaada wa serikali kuu hurudishwa na chuo kinaweza kukudai tofauti. Masomo uliyojiondoa huhesabiwa pia katika kipimo cha maendeleo, ambacho katika vyuo vingi hudai ufaulu angalau theluthi mbili ya krediti ulizojaribu na wastani wa alama 2.0 kati ya 4.0, na ukishuka chini ya hapo ruzuku husimamishwa hadi rufaa ikubaliwe. Kwa hiyo ukiona katika wiki ya pili kwamba saa za kazi na za masomo hazipatani, acha somo moja siku hiyohiyo wakati ada bado inarudishwa, na ulipange upya kwa muhula unaofuata.